Kichupa cha Shule: Nani Ashike Simu?

Shule ya sekondari, tuiweke popote kati ya Rulenge wilayani Ngara na Nyakahura wilayani Biharamulo, ina klabu ya muziki. Klabu imetunga wimbo wa dakika tatu kuhusu kuchota maji bondeni na kuurekodi kwa simu ya mwalimu ndani ya stoo ya magodoro, maana magodoro yanameza mwangwi ambao kuta za darasa zinaurudisha. Wimbo umetoka vizuri. Sasa wanafunzi wanataka kichupa, na suala limefika kwenye kikao.

Shule hii nimeitunga, na wanaozungumza humu nao nimewatunga. Hoja zao sikuzitunga. Ni zilezile zinazozuka kila simu na mwanafunzi vinapotajwa pamoja. Wapo mkuu wa shule, mwalimu wa fizikia ambaye ndiye mlezi wa klabu, mama mmoja muuza ndizi wa Kabanga, kijana mwenye studio Biharamulo mjini, mzee mpiga inanga, na binti wa kidato cha tatu aliyeruhusiwa kuingia kwa sharti la kusema akiulizwa tu. Sharti hilo halikudumu.

MKUU WA SHULE: Nianze na lililo wazi. Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Nikimkamata nayo naichukua, mzazi anaitwa. Jumatatu nimewaambia hivyo mstarini; Jumanne niwape simu wacheze mbele yake? Na ikisambaa video ya wanafunzi wakikata viuno wamevaa sare, wa kwanza kuandikiwa barua ya kujieleza ni mimi. Hakuna atakayemuuliza aliyebonyeza kitufe.

MWALIMU MLEZI: Mkuu, mwanafunzi amekatazwa kumiliki simu. Shule haijakatazwa kuwa na kifaa. Asidi ya maabara hakuna anayeruhusiwa kuja nayo mfukoni kutoka nyumbani, na hakuna anayesoma kemia vizuri bila kuigusa. Naomba simu moja isiyo na laini, iandikwe kwenye daftari la mali za shule, ilale ofisini kwako.

MKUU WA SHULE: Na somo liko wapi? Mtihani wa kidato cha nne hauulizi kichupa.

MWALIMU MLEZI: Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una mkondo wa amali, na sanaa imo. Lakini sitaki kujificha nyuma ya mtaala. Shule yetu haina mkondo huo. Nitajibu kwa fizikia yangu. Video ya muziki inashutiwa wimbo ukiwa umesharekodiwa. Unaupiga kwenye spika, wanafunzi wanaufuatisha kwa midomo, baadaye unatupa sauti iliyonaswa na simu na kuweka ile safi iliyorekodiwa kwanza. Sasa weka spika miguuni pa waimbaji, simu iwe mita 34 kutoka hapo. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo inaifikia simu baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Simu inanasa fremu 30 kwa sekunde. Ukilinganisha wimbo safi na ile sauti iliyochelewa, midomo itatangulia wimbo kwa fremu tatu. Mtazamaji hawezi kueleza kasoro iko wapi, ila anaona kabisa kwamba hawa hawaimbi. Dawa yake ni kuichelewesha klipu kwa fremu tatu. Mwanafunzi aliyeisaka kasoro hiyo jioni nzima, mwendo wa sauti hatausahau kwenye mtihani wako, Mkuu.

KIJANA WA STUDIO: Mwalimu amenitoa ushamba. Mimi nilikuwa nasogeza tu mpaka ikae. Niongeze moja: simu ina ujanja wake. Mwanga ukipungua inapunguza fremu bila kukuuliza, ndiyo maana klipu ya bwenini usiku haikai kwenye biti hata ufanyeje. Na mchana wa jua kali inapima mwanga wa mbingu, nyuso zetu zinabaki kama mkaa. Gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka ijifunge, kisha pandisha mwanga kidogo. Watoto wanapiga video mwaka mzima bila kujua hilo.

Nimewaacha hawa wawili waseme kwa kirefu makusudi. Wengi wanaopinga kichupa cha shule wanadhani kazi yenyewe ni kusimama mbele ya simu na kutikisika. Wengi wanaokiunga mkono nao wanadhani hivyohivyo, tofauti yao ni kwamba wanaona hakuna ubaya. Kazi iliyo nyuma ya dakika tatu hizo hawaioni. Klipu 60 za nusu dakika moja moja ni nusu saa ya picha. Kwa ubora wa kawaida wa simu, karibu MB 130 kwa dakika, hiyo inakaribia GB 4. Mtu anapaswa kuzitazama zote, aziandike kwenye daftari, aseme ya 14 inafaa na ya 15 mtu kapiga chafya. Ukarani huo hauna mbwembwe, na ndio unaotenganisha waliofanya kazi na waliokuwa wanacheza.

MKUU WA SHULE: Sawa, na bando nani analipa?

KIJANA WA STUDIO: Hakuna bando, Mkuu. Klipu zinahamishwa kwa waya au memori kadi. Kompyuta ya shule inawekewa Kdenlive au Shotcut, ni bure na hazidai intaneti ukishaziweka. CapCut ni nzuri, mimi mwenyewe naitumia, ila violezo vyake vinataka mtandao, na ukivitegemea kichupa cha Ngara kitafanana na cha Manila.

MAMA WA KABANGA: Mmemaliza hesabu zenu? Mimi nina binti wa miaka kumi na sita. Hapo Nyakahura malori yanalala kila siku, ya Kigali, ya Bujumbura, na madereva wana simu kubwa kuliko zenu. Video ikitoka, mtu ataisimamisha pale uso wa mwanangu unapoonekana, ataikata, ataituma kwenye kundi la wenzake na maneno yake. Nani ataenda kuirudisha? Wewe mwalimu na fremu zako tatu?

MWALIMU MLEZI: Mama, kila mzazi alisaini fomu mtoto alipojiunga. Imeandikwa kuwa shule inaweza kutumia picha za wanafunzi.

MAMA WA KABANGA: Nilisaini karatasi kumi siku ile, nikiwa na foleni ya watu nyuma yangu na godoro kichwani. Nani aliniambia picha maana yake ni mwanangu kucheza mbele ya dunia?

Hapa Mama ana haki kuliko mwalimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haioni picha ya mtu anayetambulika kuwa jambo dogo: ni taarifa yake. Ridhaa iliyotolewa langoni kwa jumla, kabla wimbo wenyewe haujatungwa, ni ridhaa ya kitu gani? Mzazi anastahili kuletewa kazi yenyewe, aione, ndipo aseme ndiyo au hapana.

MAMA WA KABANGA: Kwanza kwa nini wasiupeleke redioni? Redio Kwizera iko hapahapa Ngara, tunaisikiliza tangu wakati wa wakimbizi. Wimbo hauna uso. Waupige, tufurahi, yaishe.

BINTI WA KIDATO CHA TATU: Shikamoo, Mama. Naomba kusema.

MKUU WA SHULE: Hukuulizwa.

BINTI: Ndiyo, Mkuu. Vesi ya pili nimeiandika mimi. Redioni tutapeleka, nitafurahi. Lakini hapa mnabishana kama nionekane au nisionekane. Hakuna aliyeuliza kama naweza kushika hiyo simu. Kwenye klabu wavulana ndio wanaoshuti, wavulana ndio wanaokaa kwenye kompyuta, sisi tunaambiwa tuchague sare tucheze. Kama tatizo ni uso wangu, uso wangu uwe nyuma ya kamera. Wimbo ni wa kuchota maji. Unahitaji nyuso za nini? Nitapiga miguu kwenye njia ya bondeni asubuhi kuna umande. Nitapiga mikono ya bibi anasokota ngata ya majani makavu ya mgomba. Nitapiga dumu linajaa mpaka maji yanamwagikia vidole, na pale kiitikio kinapoingia, kizibo kinafungwa, kwenye biti. Hizo klipu nimeshazichora.

Alikuwa amezichora kweli, kwa kalamu ya risasi, viboksi ishirini na kitu nyuma ya daftari la Jiografia. Kijana wa studio aliliomba daftari, akalishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma. Alichouliza ni kimoja tu: kizibo kitafungwa kwenye pigo la kwanza au la tatu? La tatu, binti akajibu, kwa sababu la kwanza lina ngoma na litakimeza.

Niseme ninavyoona, maana mwandishi wa mjadala asiyesema anavyoona anawachosha wasomaji. Binti ameuhamisha mjadala mahali pake. Tumezoea kupima hatari ya kamera kwa anayesimama mbele yake na kusahau kwamba anayefaidika yuko nyuma yake. Hili si la leo. Kati ya 1935 na 1937 huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu kama 35 zikiigizwa na Waafrika, sauti ikiwa kwenye sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha. Lori likazizungusha Afrika Mashariki na kusini yake. Wenyeji waliigiza, walitafsiri, walibeba mizigo. Uamuzi wa nini kionekane na kwa nini ulikuwa wa Wazungu wawili, Notcutt na Latham. Ufundi wa kupiga sauti huku na picha kule ni uleule anaoueleza mwalimu wetu wa fizikia. Na mgawanyo wa kazi ulikuwa uleule wa klabu hii: mmoja anashika mtambo, mwingine anaonekana.

MZEE MPIGA INANGA: Msiende mbali mpaka Usambara. Mwaka 1994 walikuja wapiga picha hapa wasiohesabika. Mimi nilikuwa kijana wa makamo. Walipiga daraja la Rusumo, walipiga mahema ya wakimbizi wa Benaco, walipiga watoto wenye njaa. Sisi wenyeji tuliokatiwa miti na kugawana visima na wageni hatukuwamo, labda mkono wa mtu pembeni. Huyu mtoto akipiga njia ya bondeni, mimi nitampa baraka zangu.

Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi. Hadi leo anayetafuta picha za Ngara atakutana na mahema ya buluu kabla ya kukutana na shamba la migomba. Hoja ya Mzee ingetosha kumaliza kikao, ila Mzee hakuwa amemaliza.

MZEE MPIGA INANGA: Lakini hicho kiitikio si chenu.

MWALIMU MLEZI: Kivipi, Mzee wangu? Wametunga wenyewe.

MZEE MPIGA INANGA: Maneno wametunga. Sauti ile ni ya kumtoa bibi harusi, naijua toka kwa baba yangu. Mmeichukua, mmeitia Kiswahili, mmeitia ngoma ya kompyuta, hakuna aliyekuja hata kunisalimu. Na kwa nini Kiswahili? Kihangaza kimefanya kosa gani?

BINTI: Tukiongea Kihangaza shuleni tunapewa adhabu, Mzee.

Kimya kilichofuata kilimhusu Mkuu.

MKUU WA SHULE: Ile ni kwa ajili ya Kiingereza chao. Kwenye wimbo ni jambo jingine.

MWALIMU MLEZI: Na Biharamulo wataelewa? Kule kuna Wasubi, kuna Wasukuma wengi. Kihangaza kinaelekea Kirundi, tutapata watazamaji Muyinga kabla ya kuwapata Lusahunga.

MZEE MPIGA INANGA: Saida Karoli alimwimbia nani? Aliimba Kihaya, mkoa huuhuu wa Kagera, mwaka 2001, na nchi nzima iliimba bila kujua maana.

Kweli tupu. Na wimbo wake wa Salome ulipofufuliwa na Diamond Platnumz na Rayvanny mwaka 2016 katika sura ya kisasa, jina la Salome lilibaki na ladha ya Kihaya ilibaki. Kuimba kwa lugha ya nyumbani si lazima kuwe kikwazo cha kusikilizwa Tanzania; kikwazo kikubwa ni woga wa kuonekana mshamba. Kwa kichupa, woga huo una tiba ya bei ndogo: maneno ya Kiswahili chini ya picha. Kazi yake ni ya jioni mbili na inafundisha tafsiri kwa vitendo. Mwanafunzi atagundua pia kwamba simu inapigia mstari mwekundu kila neno la Kihangaza analoandika, kama mwalimu wa zamu.

Kuhusu deni kwa Mzee, sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda hata sanaa za jadi zisizo na mtunzi anayejulikana. Kuzitumia kwa elimu hakuna shida, kuzitumia kwa kuchuma kunataka kibali. Lakini Mzee hakuwa anadai kibali cha ofisi ya hakimiliki, COSOTA, wala cha baraza la sanaa, BASATA. Alidai salamu. Jina lake liandikwe mwanzoni mwa video, na achukuliwe akipiga inanga, vidole vyake na nyuzi. Alikubali hapohapo, akauliza avae nini.

Juu ya mahali pa kushutia hawakubishana sana. Kijana alitamani maporomoko ya Rusumo na Mkuu akamkatalia kabla hajamaliza kusema: pale ni mpakani, kuna daraja, kuna forodha, na sasa kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ukitoa kamera mbele ya askari ukiwa na watoto waliovaa sare, utaeleza mpaka usiku. Boma la Wajerumani la Biharamulo linapendeza, kwa ruhusa ya wanaolitunza. Ila wimbo wa maji unataka bonde, na Ngara mabonde hayana kiingilio.

Nalo suala la pesa lilipita upesi. Mjumbe mmoja nyuma alisema shule itajenga bweni kwa YouTube. Kijana wa studio akamweleza kwa upole kwamba mapato ya matangazo huanza kufikiriwa ukiwa na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili. Bweni liendelee kusubiri.

MAMA WA KABANGA: Mmesema vizuri wote. Bado hamjaniambia video inatokaje humu.

MWALIMU MLEZI: Tutaionyesha kwanza kwenye mkutano wa wazazi.

MAMA WA KABANGA: Kuonyesha siyo kuuliza. Nikisema klipu ile ya mwanangu itoke, inatoka?

MWALIMU MLEZI: Inatoka.

MAMA WA KABANGA: Siku hiyohiyo, mbele yangu, kwenye hiyo kompyuta yenu?

KIJANA WA STUDIO: Mama, kukata klipu ni sekunde chache. Utakaa kwenye kiti, utaniambia hapa, nitakata unaona.

MAMA WA KABANGA: Akate yeye mwanafunzi. Wewe utakuwa Biharamulo.

MKUU WA SHULE: Mimi naandika kwenye muhtasari kwamba sijaridhika. Mtihani wa majaribio uko karibu. Lakini kama simu haina laini, inalala kwangu, kidato cha nne hawamo, na hakuna kinachotoka getini kabla ya mkutano wa wazazi, sitazuia. Kikitokea kitu, mwalimu, barua ya kwanza ni yako.

MWALIMU MLEZI: Naipokea, Mkuu.

Mkuu hakushawishika, na sioni kosa. Shule inahitaji mtu mmoja asiyeshawishika, mwenye funguo za kabati. Mwalimu alitaka somo na atalipata. Mama alitaka neno la mwisho juu ya sura ya mwanawe, na amelipata kwa namna nzuri kuliko fomu ya ridhaa: haki ya kukaa mbele ya kompyuta na kusema hapa kata. Video ikipita kwa wazazi iwekwe kwenye ukurasa wa shule, sehemu ya maoni ikiwa imefungwa, majina kamili ya watoto yakiwa hayamo. Isipopita, itazamwe ukumbini kwa shuka jeupe ukutani, na waliotengeneza watakuwa wamejifunza kilekile.

Linalonisumbua ni moja ambalo kikao hakikuliamua. Binti aliambiwa atafikiriwa. Daftari lake la Jiografia lilirudishwa, na hakuna aliyeandika popote kwamba kazi ya kamera ni yake.

Kwa hiyo wajumbe wa bodi na kamati za wazazi wa Ngara na Biharamulo, ombi la namna hii likiletwa mezani, msianze na swali la simu. Ombeni kwanza karatasi yenye majina: nani anaongoza, nani anashuti, nani anahariri, nani anatunza klipu. Kama katika karatasi hiyo mabinti wapo kwenye mstari wa wachezaji peke yake, irudisheni kwa mwalimu iandikwe upya.